Ushahidi wa Mtani

Buguruni,
Dar es Salaam.
Jumapili, 21 Machi 1976.

Mpendwa Dada Scholastika,

Shikamoo. Leo ni miaka tisa na miezi miwili tangu uniache kwenye kituo cha basi pale Songea na lile furushi la karanga, ukaniambia nisile zote kabla ya Makambako. Nilizila zote kabla ya Njombe. Nakumbuka hata leo.

Hali yako je, na mguu? Severa alipopita hapa baada ya mwaka mpya alisema bado unachechemea asubuhi mpaka jua likolee. Mama analala vizuri au kifua kinamsumbua bado? Na mahindi ya kule bondeni, mmeyawahi au nguruwe wamewawahi ninyi? Nijibu yote hayo, usiniandikie tu kwamba "sisi hatujambo".

Sisi huku ni wazima wa mwili. Klara mwanetu alipata surua, imepita, amebaki na kikohozi kidogo. Wifi yako Benedikta hajambo, anakusalimu, na kanga uliyomtumia anaivaa kanisani tu.

Nimesema wazima wa mwili kwa sababu moyo wangu si mzima, na ndiyo maana nimekaa kimya muda wote huu. Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaichana. Leo nitaimaliza hata kama itakuwa chungu.

Uliniuliza kama ni kweli alivyosema Severa, kwamba mimi na umri wangu huu nataka kurudi shule. Ni kweli. Nilitaka kwenda Chuo Kikuu, pale Mlimani, kusoma fizikia. Sikukuambia kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa tayari nimo ndani.

Unakumbuka nilipokuja likizo nikiwa kidato cha tatu nikakusimulia habari ya kengele? Bruda aliyetufundisha aliiweka ndani ya chupa kubwa ya kioo, akaanza kuinyonya hewa kwa pampu. Tuliiona kengele inagonga, haikuacha kugonga, lakini mlio ulififia mpaka ukapotea kabisa. Wewe ulicheka ukasema kengele ya namna hiyo ingemfaa katekista mvivu. Mimi sikuweza kuizoea habari ile. Nilitaka kujua vitu vingine vinavyofanya kazi yake mbele ya macho yetu na sisi hatuvisikii. Halafu baba akafariki, nikamaliza kidato cha nne, na cha tano hakikuwepo kwa mtu kama mimi.

Kazi yangu unaijua. Napakua magunia katika ghala la shirika moja la umma, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Tangu lile soko jipya la Kariakoo lifunguliwe mwezi wa kumi na mbili, malori yameongezeka na watu hatukuongezwa. Siku za unga wa njano ndizo mbaya kuliko zote, maana magunia yanavuja na vumbi linaingia hadi kwenye mate. Jioni siwezi kuinama kufungua viatu. Benedikta ndiye anayevifungua.

Na kwa mgongo huo huo nimekwenda darasa la jioni, karibu na Mnazi Mmoja, kwa miaka minne. Nilikuwa nafika na unga kichwani, mwalimu ananiuliza mbona nimeota mvi tangu jana. Vifaa hatukuwa navyo. Pendulamu tuliifanya kwa jiwe na kamba ya katani, tukaifunga kwenye nondo za dirisha. Habari za umeme tulizichora tu ubaoni. Wenzangu wengi walihamia darasa la uhasibu, wakaniambia fizikia ni ya watoto wenye maabara. Nikabaki.

Lile azimio la mwaka juzi utakuwa umelisikia kwenye redio ya kijiji, kwamba kijana hatatoka tena darasani na kuingia Chuo Kikuu moja kwa moja, sharti kwanza afanye kazi, na wanaofanya kazi naye wamkubali. Na mtu mzima aliyeishia njiani kama mimi anaweza kufanya mtihani wake, akifaulu na akapendekezwa, aingie. Dada, niliposikia hivyo nililia. Nilisema sasa mlango umewekwa upande wetu. Watu wanaonijua watasema habari zangu, na mimi sina tabia ya kuficha.

Mtihani niliufanya mwaka jana, nikafaulu. Meneja wa ghala hakuwa na neno, alisema kuli mmoja akiondoka pengo lake halionekani. Likabaki tawi la Chama la pale kazini. Wajumbe wakae, wanachama waseme wanavyonifahamu, tawi lipeleke neno lake juu kabla ya mwisho wa Machi. Basi.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Ignasi Kikoti.

Ignasi ni nyapara wa zamu yetu, Mhehe wa Iringa. Siku ya kwanza tu aliposikia natoka Songea, alinishika shati akaniambia nitoe ng'ombe wa babu yake. Wewe huna haja ya kuelezwa utani wetu sisi Wangoni na Wahehe. Babu zao na babu zetu waliuana, sisi tumebakiziwa kazi ya kutukanana na kuzikana. Amenitukana kila asubuhi tangu nianze kazi. Benedikta wangu yeye humwita "mke wangu". Na mwanetu wa kwanza alipofariki, yule niliyekuandikia habari zake, Ignasi ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, mimi nikiwa siwezi kusimama. Kwa hiyo usidhani nakuandikia habari za mtu baki.

Kikao kilikuwa Jumamosi mchana, mwisho wa Februari, humo humo ghalani, watu wameketi juu ya magunia. Mwenyekiti wa tawi letu ni Mzee Nassibu, mlinzi wa lango, mtu wa Kilwa, mpole sana. Siku hiyo alikuja pia kijana kutoka ofisi ya juu kuandika mambo ya kikao, Ndugu Elieshi, mtu wa Kilimanjaro, amevaa kaunda suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri. Alinisalimu kwa mikono miwili. Nilimpenda.

Mzee Nassibu akasema anayemfahamu Ndugu Filbert na asimame aseme juu ya tabia yake.

Ignasi akasimama kabla mzee hajafunga mdomo. "Mimi namfahamu kuliko mama yake. Huyu ni mwizi."

Ghala zima likacheka.

"Msicheke! Kwao wote ni wezi. Ng'ombe wa babu yangu waliondoka nao, mpaka leo hatujaona hata mkia. Mkimpeleka huyu Mlimani, waambieni kwanza wafunge madirisha."

Dada, hapo ndipo nilipojimaliza. Ningekaa kimya pengine yangepita. Lakini ni nani anayemnyamazia mtani mbele za watu? Nikasimama nikasema, "Tuliwachukua, ndiyo, tena tuliwahurumia. Ninyi mlikuwa na haja gani na ng'ombe wakati kitoweo chenu ni mbwa?"

Watu wakagonga magunia kwa furaha. Mmoja akapiga kelele, "Mjibu, Kikoti, usikubali!"

"Mnamsikia mlevi huyo?" Ignasi akasema. "Saa hizi amejaa pombe mpaka kwenye masikio. Hiyo fizikia anaitafutia nini? Anataka kutengeneza bomu atumalize sisi tuliobaki."

Ndugu Elieshi alikuwa anaandika. Akainua kichwa, akauliza kwa upole, "Ndugu Kikoti, haya unayosema una ushahidi nayo?"

Ignasi akadhani kijana naye ameingia kwenye mchezo. Akasimama wima kama askari, akajibu, "Ninao, Ndugu. Ng'ombe wenyewe ni mashahidi, wako tumboni mwake."

Tulicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka. Nilifikiri tukimaliza kucheka watanyoosha mikono.

Walipotulia Ndugu Elieshi akasoma alichoandika. Alisoma taratibu kama mtu asomaye Injili. Kwamba mwanachama Ignasi Kikoti ameshuhudia kuwa mwombaji ni mwizi na mlevi. Kwamba mwombaji hakukana. Kwamba amekiri ng'ombe walichukuliwa, tena akamtukana shahidi.

Hakuna aliyecheka tena. Neno lililonichoma ni lile la "hakukana". Ni kweli sikukana. Ulishamsikia lini mtu wa kwetu akimkanushia mtani?

Mzee Nassibu akajaribu kuokoa. "Mwanangu, huo ni utani tu. Huyu ni Mngoni, yule Mhehe. Ndivyo walivyo."

Kijana akaweka kalamu chini. "Mwenyekiti, nimesikia sawasawa? Makabila, katika kikao cha Chama?"

"Si ukabila huo, mwanangu. Ni watani."

"Kwetu nako tuna watani, Mwenyekiti. Tunawaacha nyumbani."

Ignasi akaruka, sasa jasho linamtoka, akaanza kueleza tangu vita vya babu zao, nani alimpiga nani, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kutaja Wangoni na Wahehe, na kila alipotaja kijana alizidi kutikisa kichwa. Nilimvuta shati akae. Hakukaa.

Ndugu Elieshi alizungumza na mimi sasa, si na wao. Aliniambia yeye mwenyewe angependa kuona kuli anaingia Chuo Kikuu, lakini Chama kikikubali kwamba neno la mwanachama lina maana au halina maana kwa kuangalia kabila lake, basi kesho atapendekezwa mwizi wa kweli kwa sababu anacheka vizuri na watu wa kwao. Nimekaa na maneno yale mpaka leo na bado sioni wapi yana kosa, na hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi. Ningemchukia ningepumzika.

Uamuzi ukawa kwamba tawi halitanipendekeza mwaka huu. Umeandikwa hivyo na umekwenda juu hivyo. Chuo kinafungua Julai, na mimi simo.

Jumapili yake tulikuwa ndani tunakula. Tukasikia kilio nje, kilio cha msiba hasa. Benedikta akatoka mbio. Ignasi alikuwa amelala chali kizingitini petu, amevaa shati langu la kazi alilolitoa ghalani, ameweka gazeti usoni kama msomaji aliyekufia kitabuni. Analia, "Jamani msomi wetu! Amekufa na fizikia yake! Nani atatuhesabia magunia?" Majirani wamejaa, wanacheka, watoto wanamzunguka.

Ndivyo wanavyofanya watani kwenye msiba, nami nilielewa. Alikuja kuniomba radhi kwa njia pekee tunayoijua mimi na yeye. Nilitakiwa nitoke na ndoo ya maji nimmwagie, tucheke, tukae tule. Sikuigusa ndoo.

Benedikta ndiye aliyechukua ufagio. "Inuka hapo! Ondoka na matanga yako!"

"Mke wangu, wanipiga kwenye msiba?"

"Sina undugu na wewe leo. Umemzika mtu akiwa hai, sasa umekuja kula pilau?"

Ignasi alipoona sura yake akajua hatanii. Akainuka, akajipangusa. Aliponiona mimi mlangoni alianza kulia kweli, mtu mwenye mabega kama yale. Akasema kesho atakwenda kwa Mzee Nassibu aandikishe kwamba aliyoyasema yote ni uongo, apeleke kwa yule kijana, liwalo na liwe.

Wote tulijua litakalokuwa. Mwanachama aliyetoa ushahidi wa uongo kikaoni anatolewa, na akitolewa Chamani unyapara wake umekwisha, pengine na kazi. Ana watoto sita na mama mgonjwa Iringa. Na mimi je, nitaingia Mlimani kwa kumwapisha mtani wangu kwamba utani ni uongo? Nikija nyumbani nikasema nilimshtaki Mhehe kwa kunitukana, mtanipa maji ya kunywa kweli?

Lakini usidhani nilimkatalia kwa wema. Sikuwa na wema siku ile. Nilimwambia, "Usiandike kitu, Ndugu Kikoti. Tutaonana kazini."

Ndugu Kikoti. Tangu nimfahamu sijawahi kumwita hivyo. Aliyumba kama nimempiga kofi. Akalivua shati langu, akalikunja, akaliweka juu ya ngazi, akaenda zake kifua wazi mbele ya majirani wote.

Sasa kazini ananipangia lori, namjibu ndiyo. Haniulizi ng'ombe. Wenzetu wanatuangalia kama mtu na mkewe walioachana wakabaki nyumba moja. Juzi gunia liliniteleza nikaanguka nalo, akaja kuninyanyua, akasema, "Pole, Ndugu." Afadhali angecheka. Zamani angesema gunia limegoma kubebwa na mwizi.

Nakuambia kweli, ningependa angeniharibia mtu anayenichukia. Wapo, ghalani hawakosekani. Wangesema vibaya juu yangu ningekana, ningeleta mashahidi, ningepigana. Kwa Ignasi sina pa kushika. Aliyenipenda ndiye aliyenimaliza, kwa maneno tuliyozoea kusalimiana nayo asubuhi.

Wiki iliyopita Mzee Nassibu aliniita langoni. Ameuliza kote. Anasema hapa mjini jambo langu limeshaandikwa na litanifuata kila nitakapoomba. Lakini tawi la kijiji nalo linaweza kumpendekeza mtu wake, aliyeishi nalo na kufanya kazi nalo miaka miwili. "Rudi kwenu, mwanangu," akaniambia. "Ukasemewe na watu wanaojua kucheka." Na mtihani nitaufanya upya, maana ule hautanisubiri.

Nina miaka thelathini. Nikihesabu vizuri nitakuwa na thelathini na tatu nitakapokaa dawati moja na vijana. Tena nikipendekezwa. Nimekaa nikaona hakuna njia nyingine. Magunia nitayabeba mpaka mgongo uvunjike, na nikivunjika hawatanipa fizikia kwa huruma.

Nilipomwambia Benedikta aliendelea kuchambua mchele. Mwishowe akasema, "Mjini nilikuja kwa ajili yako, na kurudi nitarudi kwa ajili yako. Lakini hiyo fizikia yako nisiisikie ndani ya basi, kutoka hapa mpaka Songea." Nimekubali.

Nina ombi moja, dada. Nenda kwa mjomba Pius, yeye ni mjumbe, mwambie nahitaji kipande katika shamba la kijiji na kazi yoyote ile, hata kufundisha kisomo cha watu wazima jioni. Asitangaze sababu. Wakijua nimekuja kutafuta mapendekezo watanipima kila ninapopiga chafya. Nataka wanione tu kama mtu aliyerudi.

Na wakija Wahehe pale kijijini kuuza vikapu vyao, usiwaambie lolote. Wataniane na wengine.

Nisalimie Severa, mwambie asiache kupita hapa akija tena mjini kabla hatujaondoka. Nisalimie Celina na watoto wake wote, na bibi Angelina kama bado anasikia. Mama mwambie namwombea kila jioni, ijapokuwa kwa siku hizi nafanya hivyo nimelala. Mungu akuponye mguu, akupe na masika yasiyobomoa.

Kwa mvua hizi njia ya Makambako haipitiki na mizigo na mtoto. Tutaondoka hapa baada ya Sabasaba, na katikati ya Julai nitashuka Songea. Mama mwambie nakuja likizo. Akishaniona nimebeba jembe kwenda shamba la kijiji kwa wiki ya tatu, atajua mwenyewe, wala hatakuwa na haja ya kuniuliza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kalamu ikiandika kwa hasira,

Filbert.